Tamasha la Mauti: Wapiganaji na Watazamaji katika Viwanja vya Rumi

Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili afikapo 1 Wakorintho 4:9 hukutana na neno "tamasha". Kwetu neno hili lina sauti ya furaha: hutukumbusha kwaya, ngoma na sikukuu. Lakini Paulo, aliyeiandika barua ile akiwa Efeso katika miaka ya 50 B.K., alilitumia kwa habari ya watu waliokwisha kuhukumiwa kufa. Wafafanuzi wengi wanakubaliana kwamba alikuwa na picha ya uwanja wa Kirumi machoni pake, ambamo watu wa namna hiyo waliingizwa mbele ya halaiki iliyokuja kuwatazama wakifa.

Katika makala hii twakusudia kuuchunguza uwanja huo. Swali letu si la udadisi tu. Hapo watu wasiojuana, wasio na ugomvi wowote kati yao, walilazimishwa kuuana hadi abaki mmoja, na mara nyingine hata huyo mmoja hakubaki. Jambo hilo liliwezekanaje kwa karne zaidi ya sita, katika dola iliyojivunia sheria na ustaarabu wake? Tutajaribu kuonyesha kwamba uwanja haukuhitaji chuki ya wapiganaji. Ulihitaji watu wa kuketi na kutazama, na kwa sababu hiyo Kanisa la kwanza lilielekeza onyo lake kwenye viti, kabla hata ya kuelekea mchangani.

Kutoka mazishini hadi uwanjani

Mapambano ya kwanza yanayojulikana mjini Rumi yalifanyika mwaka 264 K.K., katika soko la ng'ombe. Wana wa mzee mmoja wa ukoo wa Junius Brutus waliwapambanisha watu jozi tatu kwa heshima ya baba yao aliyefariki. Warumi waliyaita mapambano hayo munus, yaani wajibu au zawadi impasayo marehemu. Kwa hiyo mwanzo wake ulikuwa msiba.

Lakini zawadi kwa wafu iligeuka upesi kuwa zawadi kwa wapiga kura. Mwaka 65 K.K. Julius Caesar, akitafuta sifa kwa wananchi, alileta jozi 320 kwa kisingizio cha kumkumbuka baba yake aliyekuwa amefariki miaka 20 hivi kabla. Chini ya makaisari jambo hilo likawa chombo cha utawala. Mwaka 80 B.K. Titus alizindua ule uwanja mkubwa wa mawe ambao leo twauita Colosseum, kwa michezo ya siku 100. Mwanahistoria Cassius Dio asimulia kwamba Traianus, baada ya kuishinda nchi ya Dacia, alifanya sherehe za siku 123 ambamo watu 10,000 walipigana. Wengi wa waliopigana katika viwanja hivyo walikuwa mateka wa vita. Hata aina za silaha zilichukua majina ya mataifa yaliyoshindwa: palikuwa na "Msamni", "Mgallia" na "Mthraki". Mtu wa taifa lolote aliweza kuvikwa silaha za taifa asilolijua, na kusimamishwa mbele ya mtu asiyemjua.

Bei ya mtu

Hapa yatupasa kusahihisha dhana iliyoenea. Watu wengi hufikiri kwamba kila pambano la gladiata, yaani mpiganaji aliyefunzwa kwa upanga, lilikwisha kwa kifo. Sivyo. Mwanahistoria Mfaransa Georges Ville alichunguza kumbukumbu za mapambano 100 ya karne ya 1 B.K., na akakuta kwamba kati ya wapiganaji 200 waliokufa ni 19. Aliyeshindwa aliweza kuinua kidole chake na kuomba kuachiliwa, naye mwenye kuandaa michezo aliamua, akisikiliza kelele za umati. Kaisari Augustus alipiga hata marufuku mapambano yasiyokuwa na nafasi ya kuachiliwa.

Je, hiyo ilikuwa huruma? Mwanasheria Gaius, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., atupa jibu bila kukusudia. Anatoa mfano wa mkataba: mwenye magladiata anawatoa kwa mwandaaji wa michezo, naye atalipwa dinari 20 kwa kila mmoja atakayerudi mzima, lakini dinari 1,000 kwa kila atakayeuawa au kulemazwa. Gaius ajadili tu kama huko ni kukodisha au ni kuuza. Auamua mkataba kwa hali ya mwili: aliyerudi mzima alikuwa amekodishwa, na aliyekufa au kulemazwa alikuwa ameuzwa. Gladiata alihifadhiwa kwa sababu alikuwa mali iliyogharimiwa chakula, mwalimu na tabibu. Mwaka 1993 wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua makaburi ya magladiata huko Efeso, mji uleule wa Paulo. Mifupa yao yaonyesha majeraha mengi yaliyotibiwa vizuri na kupona, na pia mafuvu yaliyopasuliwa kwa pigo la mwisho.

Wasiokuwa na bei

Basi, mauaji yasiyo na mwokokaji yaliwaangukia wale ambao hawakuwa na bei, nao ni waliohukumiwa kufa. Kwa kawaida siku ya michezo iligawanyika: asubuhi wanyama, alasiri magladiata, na katikati, saa ya chakula cha mchana, maonyesho mafupi ya kupitisha wakati. Mwanafalsafa Seneca, katika mojawapo ya barua alizoandika mwishoni mwa maisha yake, kabla ya mwaka 65 B.K., aeleza jinsi alivyoingia uwanjani saa hiyo akitumaini mzaha na mapumziko. Alichokikuta kilikuwa mauaji matupu. Watu waliletwa bila kofia ya chuma wala ngao. Aliyemwua mwenzake hakupewa taji wala uhuru, bali alibakizwa ili auawe na mwingine, naye huyo vivyo hivyo. Mwisho wa wote ulikuwa kifo.

Tutafakari mpango huo. Ni mashindano ambayo mshindi wake hapati kitu ila dakika chache. Hakuna aliyemchagua mpinzani wake, na hakuna aliyemchukia. Kila mmoja aliyeua alifanya hivyo kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu wenye mijeledi na vyuma vya moto. Lakini mbele yake palikuwa na viti, na Seneca aligeuza macho huko. Alijua utetezi wa watazamaji: mtu huyu ni mnyang'anyi, amemwua mtu. Alijibu kwa maana hii: huenda yeye anastahili adhabu hiyo, lakini wewe umetenda nini hata ustahili kuitazama? Akakiri kwamba alirudi nyumbani akiwa mkatili zaidi kuliko alivyotoka.

Hata hivyo Seneca hakudai kwamba michezo ikomeshwe. Alimshauri rafiki yake ajiepushe na umati. Mwenye hekima alijiokoa. Waliokuwa mchangani walibaki mchangani.

Waliokataa

Historia imehifadhi pia habari za waliokataa. Tunalijua jina la Spartacus, aliyetoroka na wenzake kama 70 katika shule ya magladiata ya Capua mwaka 73 K.K., akaitikisa Italia kwa miaka miwili. Matukio mengine mawili hayajulikani sana.

La kwanza ni la mwaka 52 B.K. Claudius alikuwa karibu kulitoa maji ziwa la Fucinus, na kwanza akaandaa vita vya merikebu juu yake. Tacitus asema wapiganaji walikuwa 19,000, wote wahalifu waliohukumiwa, na ziwa lilizungukwa na askari ili asitoroke mtu. Suetonius asimulia kwamba walimsalimu kaisari kama watu wanaokwenda kufa, naye akajibu kwa maneno ya kutatanisha, ambayo wao waliyaelewa kuwa msamaha. Wakakataa kupigana. Claudius akakasirika, akafikiri kuwaangamiza wote, kisha akashuka mwenyewe na kuzunguka ziwa akiwabembeleza na kuwatisha hata wakakubali. Walipigana kishujaa, na waliosalia baada ya majeraha mengi wakasamehewa. Twaona hapa kwamba kwa muda mfupi watu wale walikuwa wamejiamini kuwa huru. Ilihitajika nguvu ya kaisari mwenyewe kuwarudisha katika kuuana.

La pili ni la mwaka 393 B.K. Symmachus, seneta tajiri wa Rumi, alikuwa akiandaa michezo kwa ajili ya cheo cha mwanawe. Alikuwa amepata mateka wa Kisaksoni. Kabla hawajaingizwa uwanjani, 29 kati yao walikufa kwa kunyongwa kwa mikono mitupu, pasipo kamba. Twaijua habari hii kwa sababu Symmachus alimwandikia ndugu yake akilalamika: aliona kwamba alikuwa amepata hasara, na kwamba watu hao walikuwa wabaya kuliko Spartacus. Wale Wasaksoni hawakuacha neno lililoandikwa, lakini tendo lao laeleweka. Kwa kuwa lazima wafe, walikataa kifo chao kiwe burudani. Nasi tusisahau tarehe: wakati huo kaisari alikuwa Theodosius, Mkristo.

Kanisa mbele ya viti

Je, Kanisa lilifanya nini? Kwanza, liliweka mpaka mlangoni pa ubatizo. Utaratibu wa kale uitwao Mapokeo ya Kitume waagiza kwamba gladiata, mwalimu wa magladiata na ofisa wa michezo hiyo waache kazi zao, ama wakataliwe. Tertullianus wa Karthago, karibu na mwaka 200 B.K., aliandika kitabu kizima dhidi ya maonyesho. Humo akumbusha kwamba hata wasio na hatia waliuzwa uwanjani, na kwamba mwenye kupenda kutazama mauaji hawezi kujiita asiye na damu mikononi.

Mjini humohumo, mwaka 203, Perpetua na Felicitas waliuawa pamoja na wenzao. Simulizi la kifo chao lasema kwamba umati ulidai mashahidi waletwe katikati ya uwanja, ili macho yao yashirikiane na upanga katika kuua. Mwandishi yule alielewa jambo hili barabara: jicho laweza kuwa mshiriki wa mauaji.

Lakini ukweli watudai tuseme na upande wa pili. Tertullianus huyohuyo afunga kitabu chake kwa kuwaahidi Wakristo onyesho kubwa zaidi, siku ya hukumu, watakapowaona watesi wao motoni. Hapo tamaa ya kutazama haikuponywa, imeahirishwa tu. Augustino naye, katika Maungamo yake, asimulia habari za rafiki yake Alypius, aliyeburutwa na wenzake hadi uwanjani, akafumba macho. Umati ulipopiga kelele akayafumbua, akanywa ukatili ule, akarudi tena na tena akiwavuta na wengine. Alypius alipona baadaye, akawa askofu. Hata hivyo Augustino ataka tuelewe kwamba nia njema ya mtu mmoja haitoshi mahali ambapo maelfu wanapiga kelele.

Sheria nayo ilikwenda kwa kusitasita. Mwaka 325 Constantinus alitoa amri ya kuyakataa maonyesho ya damu, na kuagiza wahalifu wapelekwe migodini, adhabu ambayo nayo iliua, ila mahali pasipo viti. Baadaye yeye mwenyewe aliuruhusu mji mmoja wa Umbria uendelee na mapambano ya magladiata. Theodoretus, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 5, asimulia juu ya mtawa kutoka Mashariki, Telemachus, aliyekuja Rumi, akashuka uwanjani na kujaribu kuwatenganisha wapiganaji. Watazamaji wakampiga mawe hata akafa, naye kaisari Honorius akaikomesha michezo hiyo. Mara nyingi habari hii huwekwa mwaka 404. Simulizi hili latoka kwa Theodoretus peke yake, na hapana shaka kwamba umaskini wa dola na uhaba wa fedha vilichangia pia. Tena maonyesho ya kuua wanyama yaliendelea hadi karne ya 6. Lakini simulizi lenyewe laonyesha jambo la kuangaliwa: waliomwua Telemachus hawakuwa wenye panga, bali waliokaa kwenye viti.

Hitimisho

Tumeona kwamba uwanja wa Rumi ulisimama juu ya nguzo mbili: bei iliyowekwa juu ya mtu, na raha ya kumtazama asiye na bei akifa. Utetezi wake haukubadilika: ni wahalifu, ni mateka, ni wageni. Seneca aliukataa utetezi huo, akaondoka. Tertullianus aliukataa, akataka kiti kingine. Paulo alifanya neno tofauti. Hakuandika kama mtazamaji mwenye huzuni. Alijihesabu miongoni mwa wale walioingizwa mwisho.

Kwa mwanafunzi wa theolojia na kwa mchungaji, tofauti hiyo ni nzito. Viwanja vya mchanga ni magofu leo, ila picha za mtu anayeuawa hupita kutoka simu hadi simu kwa saa chache, na washirika wetu huzitazama, nasi pia. Wengi husema maneno yaleyale: alikuwa mwizi, amestahili. Lifikapo somo la 1 Wakorintho 4, lingekuwa jambo jema mhubiri asipite upesi juu ya neno "tamasha". Awaulize wasikilizaji, naye ajiulize pamoja nao, kama wamelisikia wakiwa wamesimama mchangani na mitume, au wakiwa wamekaa kwenye viti.