Fuladoyo: Kijiji cha Watu Walioogopa

Uliza kijana yeyote wa Nairobi au Mombasa ni nani walikuwa Wakristo wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani Afrika Mashariki, naye atakwambia ni wale wa Uganda. Si ajabu. Kila Juni 3 tunawaona kwenye TV mahujaji waliotembea siku na siku, wengine wakitokea hapa Kenya, hadi Namugongo. Lakini vijana watatu wa kwanza wa Buganda waliuawa Januari 1885. Mwaka 1883, huku kwetu pwani, Mgiriama mmoja alikuwa ameshauawa. Aliitwa David Koi. Uganda ina sikukuu ya taifa zima. Koi hata jina lake halijulikani na wengi.

Kumwelewa Koi, lazima kwanza upite Godoma, ndani ya Ganze ya leo. Ukitoka Kilifi mjini kuelekea bara, minazi inapungua, upepo wa bahari unakata, na unaingia nchi ya vichaka na mahindi yanayotegemea mvua isiyo na ahadi. Huko ndiko alikotoka mzee Abe Ngoa. "Abe" ni Baba, yaani Baba Ngoa.

Ngoa alijifunza kusoma na kusali Rabai, kwa mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann. Rabai yenyewe haikuwa na la kujivunia. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Rebmann alikuja 1846 akakaa hadi 1875, akaondoka macho yakiwa karibu yamezima kabisa. Kwa miaka hiyo yote, waumini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kama ungepima imani kwa takwimu, ungesema kazi imeshindikana.

Ngoa hakupima hivyo. Alirudi kwao Godoma na alichojifunza, akaanza kusali na majirani. Hakuwa na mshahara, wala jengo, wala mzungu wa kumsimamia. Na usidhani ilikuwa rahisi. Katika nchi ambayo mvua iliombwa kwa pamoja, na wazee wa kaya ndio walioshika mambo hayo, mtu anayejitenga na tambiko anaweka shingo yake hadharani. Mvua ikikosa, ataulizwa yeye. Hata hivyo, wamisionari walipokuja kutembelea baadaye, walikuta kikundi cha watu ambao tayari wanasali.

Sasa, wakati huohuo, kulikuwa na jambo jingine likichemka pwani. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar, kwa kushinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Wengi husoma hapo wakadhani utumwa uliisha. Wapi! Biashara ya majahazini ndiyo iliyopigwa marufuku. Kumiliki mtu kuliendelea kuwa halali. Mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, wengi wao Wayao, Wanyasa na Wamakua waliotolewa mbali kusini. Usiku ukiingia, baadhi yao walikimbilia vichakani. Waliitwa watoro.

Mtoro alikuwa na hofu ya namna nyingi. Aliogopa kukamatwa, aliogopa njaa, aliogopa hata wenyeji, maana si kila aliyempokea alimpokea kwa wema. Na kanisa je? Hapa historia inauma kidogo. Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ya CMS ilifungua Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watu waliookolewa na meli za kivita za Uingereza. Kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina. Lakini watoro hawakuokolewa na meli. Walijiokoa kwa miguu yao. Kisheria walikuwa bado mali ya watu. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, aliwaonya wamisionari wasiwahifadhi. Mwaka 1880 wenyeji wenye watumwa walipandwa na hasira hadi Freretown ikatishiwa kuvamiwa. Misheni ikajikuta inavutwa huku na huku: Injili inasema mpokee mgeni, ubalozi unasema mrudishe.

Waumini wa Godoma hawakuwa na balozi wa kumsikiliza. Mnamo 1879 walihamia Fuladoyo, ndani zaidi ya bara, nyuma ya mashamba ya pwani, na David Koi akawa kiongozi wao. Watoro wakaja. Wakaja tena. Kijiji cha waumini wachache kikawa makazi ya mamia ya watu: Wagiriama na Wayao, waliobatizwa na wasiobatizwa. Walilima, walijenga, walisali. Hebu fikiria ujasiri wa jambo hilo. Kila mgeni aliyefika alikuwa mdomo mmoja zaidi wa kulisha, na sababu moja zaidi ya kuvamiwa.

Mwaka 1883 uvamizi ukaja. Wakuu wa Takaungu walikuwa wamechoka kupoteza watu wao. Fuladoyo ikavunjwa, Koi akakamatwa na kuuawa.

Tusiipindishe habari hii iwe vita vya Uislamu na Ukristo. Ugomvi ulikuwa juu ya watu: nani anawamiliki. Kwa hiyo yupo atakayesema Koi hakufia dini, alifia siasa ya mashamba. Mimi naona hapo ndipo uzito wa kifo chake ulipo. Imani yake haikujulikana kwa alichokiri tu. Ilijulikana kwa watu waliolala salama kwenye kijiji chake.

Na hofu? Haikuisha. Waliobaki walitawanyika, wengine wakakimbilia Rabai. Mwaka 1884 njaa kubwa ikaikumba nchi. Bado baada ya muda watu walirudi Fuladoyo wakajenga upya. Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni walipewa karatasi za uhuru, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza kupanga waliowamiliki walipwe fidia. Sheria ya kuufuta utumwa kwenye ukanda wa pwani ilikuja 1907. Fuladoyo ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka 30.

Nimeileta habari hii sasa kwa sababu bara hilohilo la Malindi limetupa jina jingine: Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni humo, wengi wakiwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Tangu hapo, ukisema "imani" na "Malindi" katika sentensi moja, watu wanashtuka. Wana haki.

Lakini weka vichaka hivi viwili kando kwa kando. Kote kuwili walienda watu waliochoka na dunia, wenye hofu, wanaotafuta Mungu. Shakahola, kulingana na ushahidi uliotolewa, hofu ya mwisho wa dunia ilitumika kuwatenga watu na chakula, hospitali na jamaa zao. Fuladoyo, watu wenye hofu walipewa jembe, jirani na mahali pa kulala. Aliyekuwa hatarini zaidi alikuwa kiongozi mwenyewe.

Kwa hiyo usiulize tu kama mahubiri yanakuondolea woga. Wanaouza dawa ya woga wako wengi, kuanzia jukwaani hadi kwenye simu yako. Angalia mlo unakwenda wapi. Angalia nani anaachwa nje mlangoni, na balaa likija, linampata nani kwanza. Leo Ganze mvua bado inakosa, na akina mama bado wanabeba mitungi ya maji ya njano mwendo mrefu. Wengi wao Jumapili wako kanisani, na Jumatatu wanagawana unga na jirani. Wao na watu wa Fuladoyo wangeelewana bila mkalimani.