UZI: Polisi wetu wamerekebishwa mara ngapi, na kwa nini lile jambo gumu huwa la mwisho?

1/ Msimu wa siasa ukifika lazima usikie: "Tutarekebisha polisi." Huyu anaahidi mishahara na nyumba, yule anaahidi kuwanyoosha. Wote wanapigiwa makofi. Sasa swali: orodha ikiwa na mambo mia, lipi linatangulia? Hebu tuulize historia. Twende pole pole.

2/ Polisi wa nchi hii hawakuundwa kwa ajili ya mwananchi. Sheria ya polisi ya 1906 iliweka msingi wa kikosi cha koloni. Kilichokuwa kinalindwa ni reli, maduka, mashamba ya masetla na kodi ya gavana. Kisha kikaja kipande: kuanzia karibu 1920, mwanamume Mwafrika akitoka nje ya rizavu lazima awe nacho. Anayekidai barabarani ni nani? Polisi.

3/ Kule rizavu kulikuwa na kikosi kingine. Sheria ya 1929 iliwatambua polisi wa kikabila, waliofanya kazi chini ya machifu na DC. Mwaka 1958 wakabadilishiwa jina, wakawa Administration Police, hawa tunaowaita AP. Kwa hivyo tulirithi polisi wawili: wa kituo na wa chifu. Wote wawili walikuwa wakitazama juu, kwa mkubwa. Chini, kwa raia, hakuna aliyewaambia watazame.

4/ Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai kiongozi wao aliyekamatwa aachiliwe. Mmoja wa waliokuwa mbele ni mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru. Polisi wakafyatua risasi, naye akauawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Shika hilo: aliyepiga ndiye aliyehesabu.

5/ Rukia 1959, kambi ya Hola. Wafungwa 11 wa hali ya hatari wanakufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikahusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Maji! Kumbe walipigwa, na uchunguzi wa hakimu ndio uliotoa ukweli nje. Pale walikuwa askari jela, si polisi, lakini somo ni lile lile: ukweli ulipatikana kwa sababu mtu mwingine, nje ya kambi, aliangalia miili.

6/ Sasa uhuru. Wengi hawajui hili: katiba ya 1963 ilikuwa na Tume ya Polisi na Inspekta Jenerali ambaye mwanasiasa hangemwondoa akiamka vibaya. Yaani haya tunayoyaita "mageuzi mapya" yalikuwepo siku bendera ilipopandishwa.

7/ Hayakudumu. Mabadiliko ya katiba yaliyoanza 1964 yaliondoa kinga hizo. Mkuu wa polisi akawa Kamishna anayeteuliwa na rais bila bunge kuulizwa, na ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Kofia za koloni zilitupwa. Ile kamba ya kuvuta kutoka juu ikabaki. Mkono ulioishika ndio uliobadilika.

8/ Gharama yake ilionekana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki iliorodhesha vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi. Raia wengi waliuana kwa panga, mishale na moto, hilo ni kweli na tusilifiche. Lakini thuluthi na zaidi ya vifo vilikuwa vya bunduki, na tume ilieleza wazi kwamba polisi walihusika.

9/ Mwaka 2009 likaundwa jopokazi la Jaji mstaafu Ransley. Likaandika mapendekezo zaidi ya 200. Kazi nzuri. Lilieleza hata maisha ya polisi mwenyewe: familia mbili kwenye chumba kimoja, katikati pazia. Lakini tuambiane ukweli: orodha ya mambo 200 ni pahali pazuri sana pa kuficha yale matatu magumu. Serikali yoyote itachagua rahisi, ipige picha, iseme "utekelezaji unaendelea."

10/ Katiba ya 2010 ilibadilisha neno "kikosi" likawa "huduma". Jina si kitu kidogo, lakini uzito uko kwenye kifungu cha 245. Waziri anaweza kumpa IG maagizo ya sera. Hawezi kumwambia achunguze kesi gani, amkamate nani, au ampandishe cheo nani. Na agizo lolote la waziri lazima liwe kwa MAANDISHI.

11/ Soma tena: kwa maandishi. Wenye kuandika hiyo katiba walijua ugonjwa. "Maagizo kutoka juu" hayana sahihi wala tarehe, na yakiharibika hayana mwenyewe. Anabaki konstebo na bunduki yake, na mama anayetafuta mwanawe mochari.

12/ Mwaka 2011 bunge likapitisha sheria tatu: ya polisi, ya Tume ya Huduma kwa Polisi (NPSC), na ya IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi. Sheria hiyo ya polisi ilitaka nafasi ya IG itangazwe, watu waombe, wahojiwe na tume, ndipo majina yapelekwe kwa rais.

13/ Ilidumu miaka mitatu tu. Desemba 2014, nchi ikiwa na uchungu wa mashambulizi ya kigaidi, sheria za usalama zilibadilishwa. Ile hatua ya mahojiano ikatolewa. Sasa rais anapendekeza jina moja, bunge linaidhinisha. Unaona mtindo? 1963 tulipata, kuanzia 1964 tukanyang'anywa. 2011 tulipata, 2014 ikapunguzwa. Kila mageuzi yakigusa NANI ANAAMURU, hayakai.

14/ Yaliyosonga kwa haraka ni yapi? 2018: AP zaidi ya 24,000 wakahamishiwa majukumu ya polisi wa kawaida, wengine wakaambiwa wahame laini za polisi wakapange nyumba mtaani, na yunifomu ikawa ya bluu. Kuhusu rangi tu Wakenya tulibishana miezi. Haikupita muda mrefu mjadala wa kuibadilisha tena ukaanza.

15/ Msinielewe vibaya, maslahi ya polisi si mchezo. Novemba 2012 kule Baragoi, kwenye bonde la Suguta, polisi zaidi ya 40 waliuawa siku moja wakifuatilia mifugo iliyoibwa, wengi wao ni vijana. Ukimtuma mtu mahali kama hapo bila maandalizi, kisha familia yake ifukuzane na karatasi za fidia, huna haki ya kumhubiria utu. Jopokazi jingine, lililoundwa Desemba 2022, lilipendekeza mishahara ipande. Sawa kabisa.

16/ Lakini mshahara peke yake haujibu swali letu. Polisi anayelipwa vizuri na anayetii amri isiyo na sahihi bado ni hatari. Hatari yenye payslip nono.

17/ Ushahidi uko karibu. Maandamano ya kuanzia Juni 2024: tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu angalau vifo 60. Je, kuna karatasi hata moja iliyowekwa hadharani inayosema nani aliamuru risasi, saa ngapi, kwa sababu gani? Kama kifungu cha 245 kingekuwa desturi, tungekuwa tunabishana juu ya hati. Sasa tunabishana juu ya video za simu.

18/ Juni 2025, mwalimu mmoja aliyekamatwa kwa sababu ya chapisho la mtandaoni alifia mikononi mwa polisi, kituo cha Central, Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi: alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha mengine, na maafisa wakashtakiwa kwa mauaji. Kesi tuiachie mahakama. Mimi nataka uone kitu kimoja tu: 1959 maji, 2025 ukuta. Taarifa ya kwanza huandikwa na wenye funguo za seli.

19/ Na dawa tulikuwa nayo! Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo: watu huru, si polisi, wa kuchunguza kila kifo cha ghafla au cha kutatanisha, kikiwemo cha seli. Miaka minane baadaye, mwalimu yule alipokufa, ofisi hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Yunifomu ilishonwa. Ofisi ya kusoma miili ikangoja.

20/ Kwa hivyo, kama ningepewa kalamu ya kupanga nini kianze, haya matatu yangetangulia mengine yote:
– Amri za kutumia nguvu kwenye mikutano na maandamano ziandikwe, zitiwe sahihi, zihifadhiwe, na IPOA wapewe bila kuombaomba.
– Huduma ya wachunguzi wa vifo ianze, na iwe na bajeti yake.
– IG arudi kupatikana kwa ushindani na mahojiano ya wazi, kama sheria ya 2011 ilivyosema.

21/ Halafu nyumba, bima, magari, mafunzo, yote yafuate haraka. Na huyo konstebo tunayemlaumu atakuwa wa kwanza kufaidika. Amri iliyoandikwa inamlinda yeye pia. Siku ya mahakama atakuwa na karatasi ya kuonyesha, leo mkubwa wake anasema tu, "Mimi sikumtuma."

22/ Kuna watakaosema haya hayawezekani, usalama hauendeshwi kwa makaratasi. Lakini kituoni kila kitu kinaandikwa. Ukipoteza kitambulisho unaandikwa kwenye OB. Kuku akiibwa, OB. Inakuwaje kuku ana namba na amri ya kupiga watu risasi haina?

23/ Ndio maana, mwanasiasa yeyote akija mtaani kwako akiahidi mageuzi ya polisi, usimuulize ataajiri wangapi wala atawavalisha rangi gani. Muulize: "Amri itaandikwa wapi, maiti itachunguzwa na nani, na bosi wa polisi atapatikana vipi?" Akianza kuzungumzia magari mapya, ujue ameshajibu.

Mwisho wa uzi. Hoja karibuni hapo chini. Matusi wacheni nyumbani.