Kabla ya ARV, mgonjwa alitibiwa na nani?

Ukisoma historia ya UKIMWI utakutana na tarehe za dawa: AZT mwaka 1987, dawa mseto mwaka 1996. Sasa jiulize: mwanamke wa Kampala aliyekutwa na VVU mwaka 1990 alihudumiwa na nani? ARV za bure Uganda zilianza 2004. Hapo katikati kuna miaka 14, na sisi watu wa maabara huwa tunairuka tu.

Twende basi Mulago. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali hiyo. Mumewe, Christopher, aligundulika na UKIMWI akiwa masomoni Uingereza, akafariki Januari 1987. Mwaka huohuo Noerine na wenzake 15 walianzisha TASO. Wengi wao tayari walikuwa na virusi. Wauguzi na washauri nasaha wakawa wanamfuata mgonjwa nyumbani: kusafisha vidonda, kutibu fangasi za mdomoni, kuwaonyesha ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila woga. Virusi vyenyewe havikuguswa, ni kweli. Lakini kuharisha kunaua, na kuharisha kunatibika.

Wanawake walikuwa na la ziada. Mume akifa, ndugu zake waliweza kuja kudai nyumba, shamba, hata watoto. Mwaka 1992 wanawake wenye VVU wakaunda chama chao wenyewe, NACWOLA. Kazi yao ninayoipenda zaidi ni vitabu vya kumbukumbu. Mama anaandika habari za ukoo, wazee walizikwa wapi, siku mtoto alipozaliwa ilikuwaje, nani atamlea. Ujanja wake uko hapa: ni vigumu kukimaliza kitabu hicho na mtoto bila kumwambia kwamba unaumwa. Faili la kliniki halikulazimishi hivyo!

Halafu kuna Jinja. Kuanzia 2005 wahudumu wa TASO, si wauguzi wala madaktari, walipanda pikipiki kupeleka ARV majumbani kila mwezi. Maeneo yaligawanywa kwa kura: mengine huduma ya nyumbani, mengine kliniki. Wagonjwa walikuwa 1,453, wengi wao wanawake. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2009: virusi vilidhibitiwa kwa kiwango kilekile pande zote mbili, na vifo havikutofautiana. Tofauti ilikuwa mfukoni. Waliofuatwa nyumbani walitumia pesa kidogo zaidi, maana nauli ya kliniki na siku nzima ya kuacha shamba havikuwahusu tena kila mwezi.