Neno la Wiki: Kung'arisha

Amani, katika Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Yakielea juu tunayaita wingu. Yakigusa miti tunayaita ukungu.

Matone kama hayo ndiyo msingi wa wazo hili: mwaka 1990 mwanafizikia Mwingereza John Latham alipendekeza mawingu ya baharini yaongezewe weupe ili dunia ipoe. Chembe za chumvi ya bahari hurushwa hewani. Maji yaleyale ya wingu hugawanyika katika matone madogo na mengi zaidi, nayo hurudisha miale mingi zaidi ya jua. Australia ilianza majaribio mwaka 2020 kwenye Great Barrier Reef, kuyakinga matumbawe na joto. Athari zake kwa mvua za mbali bado zinachunguzwa.

Tuuiteje utaalamu huu?

“Kuangaza mawingu” kunapotosha, kwani taa huangaza kwa kutoa mwanga wake yenyewe. Wingu huurudisha mwanga wa jua, kama shuka nyeupe iliyoanikwa. Basi “kung'arisha mawingu” ndiko sahihi, na mwanafunzi wa Amani anastahili kulikuta neno hilo kitabuni.