Reli Nyembamba ya Freetown: Chuma Chakavu au Historia?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Kitu kikishaacha kufanya kazi, ni chuma chakavu au ni historia? Usijibu haraka. Sisi wa mjini tumezoea kuwaona wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita mtaani na mikokoteni, na mara nyingi jibu letu ni bei ya kilo tu.

Twende Sierra Leone. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Freetown kwenda bara. Kipande cha kwanza, hadi Songo, kilifunguliwa 1899, na miaka kama tisa baadaye reli ikafika Pendembu, mashariki kabisa mwa nchi. Njia kuu ilikuwa na urefu wa kilomita 365 hivi. Lakini ilikuwa nyembamba, bwana! Kutoka chuma hadi chuma ni milimita 762 tu, wakati reli yetu ya kati ya zamani, ile ya Dar hadi Kigoma, ina milimita 1,000. Sababu ni pesa. Reli nyembamba hupinda kona kali kwa urahisi, kwa hiyo milima haichongwi sana, na gharama hupungua. Mkoloni alitaka mawese na kokwa za michikichi zifike bandarini. Mambo ya starehe ya abiria hayakumkosesha usingizi.

Hata hivyo watu waliifanya reli iwe yao. Palikuwa na karakana kubwa Cline Town, Freetown, yenye mafundi wa boila, maseremala na wapaka rangi. Halafu wataalamu wa fedha wa kimataifa wakashauri kwamba reli inakula hasara, bora ifungwe. Serikali ya Siaka Stevens ikaifunga hatua kwa hatua, na mwaka 1974 treni ya mwisho ikapita. Reli zikang'olewa.

Sasa, kule Wales, Uingereza, palikuwa na kijireli kingine, cha kutoka Welshpool hadi Llanfair Caereinion. Kilifunguliwa 1903, kikaacha kubeba abiria 1931, na mizigo 1956. Wapenzi wa reli wakakataa kife. Watu wenye kazi zao wiki nzima walikuja kufyeka majani na kukaza misumari bila mshahara, na mwaka 1963 treni ikatembea tena. Shida yao ikawa mabehewa. Na upana wa reli yao? Milimita 762! Ndiyo maana mwaka 1975 walinunua kutoka Sierra Leone injini namba 85, iliyotengenezwa Leeds 1954, pamoja na mabehewa manne ya mwaka 1961.

Kazi ya kufufua injini si kupaka rangi na kupiga picha. Boila lina mabomba mengi ndani, na kutu hula kimyakimya. Mabomba huchomolewa, bati hupimwa unene, kisha boila hujazwa maji na kusukumwa kwa nguvu kupita ile litakayobeba kazini. Likivuja, unarudi mwanzo. Ni kazi ya miaka, na wanaoifanya hawalipwi hata nauli.

Na vilivyobaki Freetown? Vilikaa gizani Cline Town. Vita vilianza 1991 na kwisha 2002, na watu waliokimbia mapigano walijihifadhi humo humo katikati ya vyuma. Hebu fikiria: watu wenye njaa, na tani kwa tani za chuma cha kuuzwa zimewazunguka. Lakini injini hazikuyeyushwa. Mwaka 2004 afisa wa jeshi la Uingereza, Kanali Steve Davies, mpenzi wa reli, alizikuta humo. Serikali ikakubali, marafiki wa nje wakachangisha, Wasierra Leone wenyewe wakashika brashi na spana, na mwaka 2005 Makumbusho ya Taifa ya Reli yakafunguliwa. Mnamo injini aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, ndugu wa zile Garratt kubwa zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Limo pia behewa lililotengenezwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth ya 1961.

Habari hii husimuliwa kana kwamba historia ilianza siku mgeni alipofungua mlango. Sipendi hivyo. Davies anastahili shukrani, sawa, lakini asingekuta kitu kama wenyeji wangekuwa wameshauza kila kitu. Kujitolea ni kutengeneza, na pia ni kutouza unapokuwa na shida. Hao wa pili hawapigwi picha.

Nairobi kuna makumbusho ya reli tangu 1971, kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna mahali pa kuanzia. Wewe unayetaka kuwa mwandishi, unasubiri nini? Mtaani kwenu huenda yupo dereva mstaafu wa treni, au fundi aliyewahi kuziba boila. Chukua daftari, kanunue chai ya watu wawili, ukae umsikilize. Injini inaweza kungoja miaka thelathini kwenye giza ikakutwa. Mzee hawezi.