Nafaka kwa Adui

Novemba 1806, alipokuwa Berlin, Napoleon alitoa amri kwamba bidhaa za Waingereza zisiingie bandari yoyote iliyo chini ya mkono wake. Walakini mavuno ya Uingereza ya 1809 yalikuwa haba, ngano ikapanda bei, na mwaka 1810 merikebu zikavuka bahari zimesheheni nafaka ya Ufaransa, kwa vibali vya Napoleon mwenyewe. Mbona hakuwaacha adui zake wafe njaa? Kwa kuwa aliamini nguvu yao imo katika dhahabu, na kila gunia walilonunua lingewapunguzia. Tena vibali vilitozwa ada. Hesabu hiyo, naona, ni ya mwenye duka, wala si ya jemadari. Waingereza walikula mkate, vita vikaendelea.