Punt, Nchi Iliyoandikwa na Wateja Wake

Kila alfajiri, katika mahekalu ya Misri ya kale, kuhani aliyeingia chumba cha ndani kabisa alitanguliza moshi wa uvumba. Mungu wa hekalu alifukiziwa kabla ya kuvikwa nguo na kuandaliwa chakula. Uvumba ulitakiwa mazikoni pia, na ikulu, na kwenye dawa. Lakini miti inayotoa ubani na manemane haikuota Misri. Mto Nile ulileta rutuba na majangwa yakatoa mawe na dhahabu, ila ule utomvu wenye harufu ulibidi utafutwe mbali kusini, katika nchi ambayo Wamisri waliiita Punt, na wakati mwingine Nchi ya Mungu.

Watu wa Punt hawakuacha maandishi. Karibu yote tunayoyajua juu yao yaliandikwa na wanunuzi wa mali yao, na mnunuzi mkubwa ana tabia ya kujisifu. Anayetaka kuijua Punt hana budi kusoma maneno ya mafarao kwa jicho moja, na jicho la pili likague mizigo.

Hesabu za kale zaidi zinatoka zama za Farao Sahure, aliyetawala karibu mwaka 2450 KK. Jiwe lenye kumbukumbu za wafalme, ambalo kipande chake kikubwa kimehifadhiwa mjini Palermo, Italia, linataja vipimo 80,000 vya utomvu vilivyoletwa kutoka Punt. Kwenye njia ya piramidi ya Sahure huko Abusir, wanaakiolojia wamepata michongo inayoonyesha hata miti yenyewe ya uvumba ikiwa imeletwa kwa mfalme. Safari hizo, basi, zina umri wa karibu miaka 4,500, na tangu mwanzo hazikuwa za kubahatisha.

Ugumu wa safari hizo ulianzia nchi kavu. Mto Nile hauingii Bahari ya Shamu, na ufuko wa bahari hiyo upande wa Misri hauna misitu wala maji ya kutosha. Karibu mwaka 2000 KK, ofisa aitwaye Henu alitumwa na Farao Mentuhotep III kupeleka merikebu Punt. Katika maandishi aliyoyachonga kwenye miamba ya Wadi Hammamat, Henu anaeleza kwamba aliongoza watu 3,000 jangwani, kila mmoja akipewa maji na mikate 20 kwa siku, na kwamba walichimba visima njiani. Miongo kadhaa baadaye, waziri Antefoker alisimamia kazi kubwa zaidi: merikebu ziliundwa kwenye karakana ya Koptos, kando ya Nile, zikafumuliwa vipandevipande, zikabebwa kuvuka jangwa kiasi cha kilomita 150, kisha zikaunganishwa upya ufukoni.

Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walishuku kwamba habari za safari hizo ni chumvi ya makarani. Katika miaka ya 1970, Abdel Monem Sayed wa Chuo Kikuu cha Alexandria alichimba mahali panapoitwa Mersa Gawasis, kusini mwa Safaga, akakuta mawe yenye maandishi ya safari za Punt. Tangu mwaka 2001, Kathryn Bard kutoka Boston na Rodolfo Fattovich kutoka Napoli waliendelea na kazi hapohapo. Waligundua mapango yaliyochongwa kwenye mwamba, na ndani ya mojawapo kulikuwa na kamba za merikebu zilizokunjwa vizuri na kupangwa, kama vile mabaharia wanatarajiwa kurudi msimu ujao. Walikuta pia mbao za mwerezi wa Lebanoni zilizotobolewa na minyoo wa baharini, ushahidi kwamba zilikuwa zimeelea kwenye maji ya chumvi kwa muda. Nje kulikuwa na masanduku ya mizigo yapatayo 40, na mawili yalikuwa yameandikwa kwamba yalibeba mali ya ajabu kutoka Punt, mwaka wa nane wa Farao Amenemhat IV, yaani karibu mwaka 1800 KK.

Mwaka 2008, wanamaji na maseremala wakiongozwa na Cheryl Ward, mtaalamu wa merikebu za kale, waliunda chombo cha urefu wa mita 20 kwa kufuata ushahidi huo, wakakiita Min wa Jangwani, wakakitia Bahari ya Shamu. Kikasafiri vizuri. Makarani wa Koptos walikuwa wameandika kweli.

Safari mashuhuri kuliko zote ni ile ya Hatshepsut, mwanamke aliyeshika utawala wa Misri, na hatimaye kama farao kamili, kati ya mwaka 1479 na 1458 KK hivi. Katika mwaka wa tisa wa utawala wake alimwagiza Nehesi, mtunza mhuri wake, apeleke msafara Punt. Habari zake zilichongwa kwenye ukuta wa hekalu la malkia huko Deir el-Bahri, ng'ambo ya Luxor ya leo, na michongo hiyo ni miongoni mwa kazi bora za sanaa ya Misri, kwa sababu wasanii wake walichora nchi ya kigeni kwa uangalifu usio wa kawaida.

Tunaona merikebu tano, kila moja ikiwa na wapiga makasia wapatao 30. Chini ya merikebu wanaogelea samaki wa Bahari ya Shamu, wamechorwa kwa usahihi kiasi kwamba wataalamu wa samaki wametambua aina zao. Nchini Punt kuna nyumba za mviringo zilizojengwa juu ya nguzo, mtu hupanda kwa ngazi. Kuna ng'ombe, punda, twiga na kifaru. Mkuu wa nchi, Parahu, anatoka kuwapokea wageni pamoja na mkewe Ati, mwanamke mnene mwenye mikunjo ya mwili iliyochongwa bila kupunguzwa. Nyuma yao wanakuja watoto wao, na punda ambaye maandishi yanasema ndiye ambebaye Ati.

Halafu yanaanza maneno. Kwa mujibu wa ukuta, watu wa Punt walishangaa na kuwauliza Wamisri wamefikaje katika nchi isiyojulikana na watu: kwa njia ya angani au ya majini? Kisha wakamsujudia farao na kumletea mali yao. Lakini Wamisri walikuwa wakienda Punt kwa karibu miaka 1,000 kabla ya Hatshepsut. Parahu hakuwa na sababu ya kushangaa. Na ukuta huohuo unaonyesha kwamba mjumbe wa Misri hakushuka mikono mitupu: mbele yake pamepangwa shanga, bangili, shoka na jambia, na hema limepigwa kwa ajili ya kuwakirimu wakuu wa Punt mkate, bia, mvinyo na nyama. Mtu akija kupokea kodi haandai karamu wala hatandazi bidhaa. Hapo palikuwa na soko.

Sentensi moja kwenye maandishi hayo inafichua zaidi kuliko majigambo yote. Inasema kwamba zamani mali za Punt zilipita mkono hadi mkono, na kulipiwa mara nyingi njiani. Hatshepsut alitaka kuwaruka madalali. Alitaka pia kumiliki chanzo: miti 31 ya uvumba iling'olewa na mizizi yake, ikawekwa kwenye vikapu na kupakiwa merikebuni ipandwe kwa mungu Amun. Pamoja nayo zilikuja dhahabu, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani walio hai na magogo ya mpingo. Bustani ya malkia, hata hivyo, haikuikomboa Misri. Thutmose III aliyemfuata aliendelea kupokea mali za Punt, na karibu mwaka 1160 KK mafunjo marefu ya Ramses III bado yanasimulia merikebu zilizotumwa huko.

Wala safari hazikuwa za upande mmoja. Katika kaburi moja la Thebes, lile linalopewa namba 143, kuna picha ya watu wa Punt wakifika Misri kwa vyombo vyao wenyewe, vyelezo vyenye tanga la pembetatu, wamepakia bidhaa. Picha hiyo haina umaarufu wa ukuta wa Hatshepsut, lakini ndiyo inayomwonyesha Mpunt akiwa mfanyabiashara na baharia.

Nchi hiyo ilikuwa wapi? Mwaka 1877 Mfaransa Auguste Mariette aliielekeza Somalia. Wengine wamependekeza Eritrea, mashariki mwa Sudani, hata Arabuni. Katika miaka ya karibuni walioleta ushahidi mpya ni nyani. Nathaniel Dominy na wenzake walipima kemia ya mifupa na meno ya nyani waliokaushwa na Wamisri, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba baadhi yao walizaliwa pande za Ethiopia, Eritrea, Jibuti na Somalia, au Yemeni ng'ambo ya bahari. Mwaka 2023 Gisela Kopp na wenzake walisoma vinasaba vya nyani mwingine wa Thebes, wakamfuata hadi pwani ya Eritrea, eneo la bandari ya kale ya Adulis.

Kwa hiyo Punt si Lamu wala Kilwa, na haifai kuivuta kusini kwa sababu ya fahari tu. Undugu wetu nayo uko kwenye mizigo. Mti mweusi ambao mafundi wa Misri waliutumia kwa samani za wafalme ni mpingo, jamii ileile ambayo Wamakonde wanaichonga mpaka leo, kwa maana mti huo huota kuanzia Eritrea na Ethiopia hadi Tanzania na Msumbiji. Na ubani unaofukizwa harusini na kwenye maulidi Mombasa na Unguja, mwingine hutoka Somalia.

Nyani yule wa Adulis aliishi kati ya mwaka 800 na 540 KK, karne kadhaa baada ya merikebu za Ramses III. Kuta zilikaribia kunyamaza, biashara haikukoma. Na katika karne ya kwanza BK, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki unaitaja Adulis, unapita pwani ya ubani, kisha unateremka hadi Rhapta, bandari ya mwisho katika pwani yetu, ambako ulisema pembe za ndovu zilipatikana kwa wingi. Njia ya kusini iliyoanza na wauza uvumba ilikuwa imerefuka, na wenyeji walioishikilia walikuwa bado wanapanga bei.